Siku 19 zisizopimwa

Kwenye kihamba chetu, yaani shamba letu la ukoo, huku Kibosho chini ya Kilimanjaro, hatua chache kutoka banda la ng'ombe, kuna kipimamvua kilichosimikwa juu ya nguzo ya mbao mwaka 2008. Waliokisimika walikuwa watafiti wa mradi mdogo kutoka Ulaya, wakishirikiana na wenzao wa chuo kikuu kimoja cha hapa nchini, na walinichagua mimi kwa sababu mbili tu: ninafundisha jiografia, na shule yetu iko ng'ambo ya barabara. Walinikabidhi chupa ya kupimia yenye mistari, kauntabuku nene na agizo moja, kwamba kila siku saa tatu asubuhi, mvua iwe imenyesha au haikunyesha, nisome, niandike, nimwage. Hicho kipande cha "haikunyesha" ndicho kilichonichukua muda kukielewa. Sifuri nayo ni kipimo, na siku ambayo hakuna aliyeandika chochote haiwezi kuhesabiwa kuwa siku kavu.

Tangu hapo, kipindi cha pili kikiisha, huwa navuka barabara nikiwa na chaki bado vidoleni. Nimekuta mle ndani vipande vya majani makavu ya migomba, nyuki waliokufa na, wakati mmoja, chura mdogo aliyekuwa ametulia kabisa. Asubuhi moja ya Agosti yenye jua kali nilisoma milimita 61, nikajua kwamba watoto wa jirani walikuwa wamenisaidia kazi. Shida kubwa zaidi ilitokana na mgomba. Chombo hiki kinatakiwa kiwe mahali pa wazi, mbali na kila kitu kirefu kinachoweza kukikinga, lakini kihamba hakina mahali pa wazi. Ukigeuka kidogo, chipukizi limekuwa mti. Nilipouendea kwa panga mgomba uliokuwa umefunika kipimamvua, mama alitoka jikoni akasimama mlangoni.

"Wewe mwanangu, mgomba unazaa ndizi. Hicho kikopo chako kinazaa nini?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha, na mgomba niliukata usiku. Mradi wenyewe ulidumu miaka mitatu. Ufadhili ulipokwisha walikuja kutuaga, tukapiga picha, nikapewa cheti, na kipimamvua kikabaki. Namba ya simu ambako nilikuwa nikituma takwimu kila Ijumaa iliendelea kupokea ujumbe kwa miezi kadhaa, kisha haikupatikana tena. Nikaendelea kuandika kwenye kauntabuku, zaidi kwa mazoea kuliko kwa imani, hadi mwaka 2023 nilipopata barua pepe kutoka kwa mwanafunzi wa chuo kimoja cha Ulaya aliyekuwa akikusanya takwimu za mvua za kila siku za upande wa kusini wa Kilimanjaro ili azilinganishe na makadirio ya setilaiti. Alikuwa ameona jina la kijiji chetu katika ripoti ya zamani. Aliuliza, kwa adabu na bila matumaini makubwa, kama kulikuwa na kitu chochote kilichoandikwa baada ya mwaka 2011.

Kilikuwepo. Miaka 15 ya asubuhi, ukiondoa siku 19 za Aprili 2017.

Nitarudi kwenye siku hizo. Kwanza ningependa kueleza kwa nini pengo dogo kama hilo linaweza kumkosesha mtu usingizi, kwa kuwa wengi wanaosikia habari za ushirikiano wa kimataifa katika utafiti wa milima huwaza helikopta, mitambo ya gharama na mikutano ya Geneva, ilhali tatizo la msingi la kazi hii ni moja na halina fahari yoyote: mlima hubadilika kwa miongo, na fedha huja kwa miaka mitatu mitatu.

Jirani yetu Mlima Kenya una mfano ulio wazi kuliko mingine yote ninayoifahamu. Barafu ya Lewis, iliyo chini ya vilele vyake vikuu, ni miongoni mwa barafu za tropiki zilizochunguzwa kwa muda mrefu zaidi duniani, na hakuna nchi moja inayoweza kudai kwamba kazi hiyo ni yake peke yake. Mwingereza John Walter Gregory aliifikia mwaka 1893. Mwenzake Halford Mackinder alipita hapo mwaka 1899 akielekea kileleni. Mwaka 1934 Wajerumani Carl Troll na Karl Wien waliipima na kuichorea ramani kwa usahihi ambao bado unategemewa. Na katika miaka ya 1957 na 1958, dunia ilipoadhimisha Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, msafara mwingine uliichunguza upya. Kisha akaja Stefan Hastenrath wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, ambaye kuanzia miaka ya 1970 alifanya jambo ambalo waliomtangulia hawakulifanya: alirudi, na akaendelea kurudi. Vigingi vilipigwa kwenye barafu, na kila mwaka ikahesabiwa ni kiasi gani cha barafu kimeyeyuka kandokando ya kila kigingi na ni theluji kiasi gani imeongezeka. Kwa barafu, hiyo ndiyo hesabu ya mapato na matumizi, na ilipigwa mwaka hadi mwaka tangu msimu wa 1978/79 hadi 1996.

Mwaka 1996 hesabu hiyo ikakoma. Mwaka uliofuata, kila mtu wa Afrika Mashariki mwenye umri wa kukumbuka anajua kilichotokea, kwa sababu barabara zilikatika, madaraja yalichukuliwa na maji na neno El Niño likaingia katika lugha yetu kama jina la balaa. Kwa mtu wa barafu, mvua zile za 1997 na 1998 zilikuwa swali lililostahili kuulizwa papo hapo: mvua nyingi namna ile chini ya mlima huleta nini juu yake, theluji ya kuikinga barafu au joto la kuimaliza? Vigingi havikuwa na msomaji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, walipoweka kituo cha hali ya hewa kwenye barafu hiyo mwaka 2009 na kuipima upya mwaka uliofuata, waligundua kwamba tangu 1934 ilikuwa imepoteza asilimia 90 ya ujazo wake na asilimia 79 ya eneo lake. Jumla hiyo ni ya kuaminika, kwa kuwa ramani ya Troll na Wien ipo na ile ya 2010 ipo. Kinachokosekana ni mtiririko wa mwaka mmoja mmoja ndani ya pengo lile, na hakuna fedha zinazoweza kukirudisha, hata kama zingetolewa leo kwa magunia.

Nisionekane kana kwamba ninadhani mapengo ni ugonjwa wa nchi maskini. Kile kituo cha Mauna Loa kule Hawaii, ambako Charles David Keeling alianza mwaka 1958 kupima hewa ya ukaa angani na kutupatia mchoro unaojulikana na kila mwanafunzi wangu wa kidato cha nne, kilisimamisha vipimo kwa miezi kadhaa mwaka 1964 kwa sababu bajeti ilipunguzwa. Nchi iliyokuwa ikijiandaa kwenda mwezini ilikosa fedha za kupima hewa mlimani. Na Novemba 2022 volkano yenyewe ililipuka, lava ikakata barabara na umeme wa kituo, hadi vipimo vikahamishiwa kwa muda kwenye mlima wa jirani, Mauna Kea.

Mlima Kenya nao una kituo cha namna hiyo. Kiko mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, kilianzishwa mwaka 1999 katika mtandao wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani wa kufuatilia angahewa, na kinaendeshwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kwa msaada wa kitaalamu wa taasisi za Uswisi. Mahali pale palichaguliwa kwa sababu vituo vya aina hiyo karibu na ikweta ni haba mno, na kipande kikubwa cha Afrika hakina hata kimoja. Ninachokipenda katika kituo hicho ni jinsi mlima unavyolazimisha watu waujue kabla ya kuziamini namba zake. Mchana jua hupasha miteremko joto, upepo hupanda kutoka mabondeni na kuleta hewa iliyopita kwenye mashamba, mioto na magari. Usiku mwelekeo hugeuka, na hewa tulivu ya juu hushuka hadi kwenye kituo. Kwa hiyo anayetaka kujua hali ya anga ya eneo zima husoma zaidi namba za usiku, na anayesoma wastani wa saa 24 bila kujua hilo atachanganya habari mbili kuwa moja. Mtaalamu aliyeko Zurich anaweza kulijua jambo hilo kwa hesabu. Fundi anayepanda hadi pale hulijua kwa pua.

Nikirudi nyumbani: juu yetu, kwenye kilele cha Kibo, Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts na wenzake waliweka kituo cha hali ya hewa Februari 2000, kwenye Barafu ya Kaskazini, karibu mita 5,800. Mwaka huohuo timu ya Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State ilitoboa barafu hizo na kushusha vipande vyake kwa ajili ya uchunguzi. Makala ya Thompson ya mwaka 2002 ilikadiria kwamba barafu yote ya Kilimanjaro ingetoweka kati ya 2015 na 2020, na tarehe hizo zikazunguka dunia nzima. Miaka ile nilikuwa nikiulizwa na wanafunzi kila muhula: mwalimu, tutaiona tukimaliza chuo? Mwaka 2020 ulipita na mabaki yalikuwepo, madogo na yaliyochanika, lakini yalikuwepo.

Wapo waliotumia hilo kusema kwamba habari yote ilikuwa uongo. Haikuwa hivyo. Ramani ya Kijerumani ya mwaka 1912 ilionyesha takriban kilomita za mraba 12 za barafu, na kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya mbili. Lakini kituo kile cha juu, pamoja na kazi ya Waaustria waliofanya vipimo vyao humohumo, kilionyesha jambo ambalo haliwezi kuonekana kutoka Moshi mjini kwa macho wala kutoka angani kwa kamera. Kileleni joto la hewa mara nyingi hubaki chini ya nyuzi sifuri, na sehemu kubwa ya barafu hupotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja bila kupita kwenye maji, hasa kwenye zile kuta zake zilizosimama wima zikitazamana na jua. Kinachoikinga ni theluji mpya, kwa weupe wake unaorudisha mwanga. Theluji ikikosekana, uso wa barafu huwa mweusi na jua huutafuna. Hivyo ukame wa kileleni, ulioanza kujitokeza katika Afrika Mashariki tangu mwishoni mwa karne ya 19, unahusika kwa kiasi kikubwa. Maelezo hayo hayakuwafurahisha waliotaka Kilimanjaro iwe bango rahisi la ongezeko la joto, wala hayakuwafaa waliotaka kukanusha kwamba hali ya hewa inabadilika. Mimi nayapenda kwa sababu hiyohiyo. Yalipatikana kwa sababu mtu alirudi kileleni karibu kila mwaka kubadili vifaa na kupima upya vigingi, na kwa sababu wagumu wetu, wapagazi wa mlimani, walipandisha mabegani betri na vyuma ambavyo havionekani katika picha yoyote ya utangazaji. Majina yao nimeyatafuta kwenye makala hizo bila kuyaona, isipokuwa katika mstari mmoja wa shukrani kwa ujumla wao.

Hata hivyo nina ugomvi kidogo na barafu. Kamera zote ziko kwake, na wageni wanaofika hapa huniambia kwa huzuni kwamba ikiisha tutakufa kwa kiu. Maji ya mifongo yetu, mifereji ya kumwagilia, hayatoki huko kwa kiasi wanachodhani. Upande huu wa kusini mvua huwa nyingi zaidi ndani ya msitu, karibu na mita 2,200, na juu zaidi ukungu hunaswa na miti yenye ndevu za kijani na kudondoka chini hata siku ambazo hakuna tone la mvua. Andreas Hemp, mwanabotania Mjerumani ambaye kwa miongo kadhaa amekuwa akirudi kwenye viwanja vyake vya mimea mlimani hapa, alieleza mwaka 2005 kwamba moto unaochochewa na ukame umeiteremsha mipaka ya juu ya msitu, na kwamba hasara ya maji kutokana na kupotea kwa msitu huo ni kubwa kuliko ile ya barafu. Oktoba 2020 tuliuona moto huo usiku kutoka uwanja wa shule, mstari mwekundu ukikaa pale siku kadhaa. Kwa kifupi, kama kuna mahali ambapo kipimamvua chenye msomaji mwaminifu kina thamani kuliko kigingi cha barafuni, ni humo msituni na ukingoni mwake, ambako hakuna anayepiga picha.

Hemp na mtandao uitwao GLORIA, unaoratibiwa kutoka Vienna, wananionyesha kwamba inawezekana kufanya kazi ndefu bila fedha nyingi. GLORIA ulianza mwaka 2001 Ulaya na sasa una maeneo zaidi ya 100 katika mabara mbalimbali. Utaratibu wake ni wa kuhesabu mimea juu ya vilele vya milima, katika viwanja vya mita moja ya mraba vilivyowekwa pande zote nne za dira, na kuvirudia viwanja vilevile baada ya miaka kadhaa. Kila kiwanja hupigwa picha kwa uangalifu ili anayekuja baada ya wewe, ambaye labda hamtaonana kamwe, akipate palepale. Vifaa vyake ni kamba, vigingi na vipimajoto vidogo vinavyofukiwa ardhini. Kwa njia hiyo ndipo ilipobainika, mwaka 2012, kwamba kati ya 2001 na 2008 aina za mimea ziliongezeka kwenye vilele vingi vya kaskazini na katikati mwa Ulaya huku zile za milima ya Mediterania zikibaki palepale au kupungua. Ukisoma mlima mmoja tu, ungepata nusu ya habari na kuitangaza kuwa yote. Hapo ndipo ushirikiano wa mataifa unapokuwa na maana kwangu: kipimo kilekile, kwa njia ileile, mahali pengi. Si jambo jipya. Tume ya kwanza ya kimataifa ya kuratibu vipimo vya barafu iliundwa mwaka 1894, na mrithi wake bado anakusanya takwimu huko Zurich, zikiwemo zile za Lewis.

Upande wetu wa mkataba nao una kasoro zake. Vibali vya utafiti vinavyotolewa na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, vina sababu ya kuwepo, nami ninavitetea, kwa kuwa bila hivyo tungekuwa shamba la bibi. Lakini takwimu zikishakusanywa, mara nyingi nakala inayotakiwa kubaki nchini huwa ni ripoti iliyofungwa kabatini badala ya namba zenyewe. Niliwahi kwenda kwenye ofisi moja kutafuta vipimo vya mvua vya mashamba ya kahawa vya zamani, nikaonyeshwa chumba ambamo panya walikuwa wamefika kabla yangu. Mgeni anayeondoka na daftari anakosea. Na mwenyeji anayeliacha daftari lililobaki liliwe na panya anakosea vilevile.

Kwa hiyo nilipomjibu yule mwanafunzi nilimpa masharti. Kauntabuku hazitatoka Kibosho; nitazipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Jedwali litakalotengenezwa lirudi kwangu na kwenye maktaba ya shule. Na kwa kila mwaka liandikwe jina la aliyesoma, kwa kuwa miezi ya likizo nilipokuwa safarini alisoma binti wa kaka yangu, ambaye anasoma kwa uangalifu kuliko mimi. Alikubali yote bila kubishana. Kisha akauliza kuhusu Aprili 2017, na kama ningekubali zile siku 19 zijazwe kwa makadirio kutoka vituo vya jirani na setilaiti.

Ilikuwa masika, na masika ya nguvu. Nilikuwa hospitali mjini na baba, kisha tukamleta nyumbani, kisha watu wakajaa kihambani, maturubai yakafungwa hadi kwenye nguzo ya kipimamvua, na hakuna aliyekumbuka saa tatu. Nilipokirudia kilikuwa kimejaa hadi juu na kumwagika. Hakuna namba hapo. Nilimwandikia kwamba makadirio yawekwe pembeni, katika safu yake yenyewe, na safu ya vipimo iachwe kama ilivyo.

Jedwali lilifika Januari. Nililifungua kwenye kompyuta ya shule nikachapisha kurasa za mwaka 2017, nikamwonyesha mama, ambaye husoma kwa miwani ya marehemu. Alipitisha kidole polepole hadi Aprili, akakutana na -999 zilizopangana mara 19, akaniuliza mvua gani hiyo isiyo na haya. Nikamwambia ndivyo wataalamu wanavyoandika siku ambayo hakuna aliyepima.

"Na wao wanajua kwa nini hukupima?"

Nikamwonyesha safu ya mwisho, ya maelezo, ambayo nilikuwa nimeijaza mwenyewe kwa neno moja: msiba. Akaikunja karatasi, akaiweka kwenye Biblia, akaniuliza kama leo nimekwenda kusoma kile kikopo.